Miwaridi ya Zamani: Jinsi ya Kuipanda na Kuilinda Isipotee

Mkulima ajuaye kupanda muhogo analijua tayari jambo kubwa kuliko yote juu ya mwaridi, hata kama hajapata kupanda ua lolote maishani mwake. Muhogo haupandwi kwa mbegu. Mtu hukata kijiti cha shina akakifukia ardhini, nacho huota kikawa mmea ule ule wa mama yake, wenye ladha ile ile. Viazi vitamu hupandwa kwa marando, na migomba kwa machipukizi. Mwaridi nao una desturi hiyo. Mbegu ya mwaridi ikipandwa yaweza kuota, lakini mtoto hafanani na mama: huenda ua likawa dogo, au rangi ikawa nyingine, au harufu ikakosekana kabisa. Mtu atakaye waridi lile lile hana budi kupata kijiti cha mti ule ule.

Kutokana na jambo hilo hufuata lingine lenye uzito. Mti wa mwisho wa aina fulani ya mwaridi ukifa, aina hiyo imekwisha, wala hapana ghala la mbegu litakaloirudisha. Kwa hiyo waridi lililozaliwa miaka 200 iliyopita na likaonekana hata leo, limeishi kwa sababu katika kila kizazi alikuwako mtu aliyekata kijiti akakipanda, au akampa jirani yake. Somo hili laeleza miwaridi ya zamani ni ipi, ipi yafaa katika nchi ya joto, na namna ya kuipanda, kuitunza na kuizidisha.

WARIDI LA ZAMANI NI LIPI?

Wastadi wa maua hutumia mwaka 1867 kuwa mpaka. Mwaka huo Jean-Baptiste Guillot, mkulima wa maua wa mji wa Lyon nchini Ufaransa, alitoa waridi aliloliita "La France". Ua hilo huhesabiwa kuwa la kwanza katika ukoo mpya wa mawaridi, yale yenye tumba refu lililochongoka. Mwaka 1966 Chama cha Mawaridi cha Marekani kiliweka kanuni kwamba kila ukoo wa mawaridi uliokuwako kabla ya 1867 uhesabiwe kuwa wa zamani. Jambo linaloangaliwa ni ukoo, wala si umri wa ua lenyewe. Kwa mfano, waridi liitwalo "Lady Hillingdon" lilitolewa mwaka 1910, lakini ukoo wake, yaani mawaridi ya chai, ulikuwako kabla ya 1867. Basi nalo huitwa la zamani.

Tofauti ya zamani na sasa huonekana upesi. Kenya ni miongoni mwa nchi ziuzazo mawaridi mengi ng'ambo, na mashamba makubwa ya maua yamelizunguka ziwa la Naivasha. Mawaridi hayo yamechaguliwa kwa kazi yake: kikonyo kirefu kilichonyoka, ua gumu lisiloharibika safarini, na uwezo wa kukaa siku nyingi ndani ya chombo cha maji. Katika kuyatafuta mambo hayo, mara nyingi harufu imepotea njiani. Waridi la zamani huwa kinyume chake. Petali zake, yaani vile vijani laini vya ua, ni nyingi na nyororo. Likikatwa halikai siku nyingi. Lakini harufu yake hujaza chumba, na mti wenyewe ni pambo la nyumba hata usipokuwa na ua. Haifai kusema kwamba hili ni bora na lile ni baya. Kila moja lina kazi yake.

Iko tofauti nyingine ambayo yafaa ijulikane. Aina nyingi mpya za mawaridi zina wenyewe, nazo hulindwa na sheria, hata mtu hana ruhusa ya kuzizidisha kwa biashara bila idhini ya mwenye haki. Miwaridi ya zamani haina mwenyewe wa namna hiyo. Mtu aliye nao aweza kukata vijiti, kupanda, kugawa na hata kuuza, wala hamkosei mtu.

KOO ZA MAWARIDI NA ASILI YAKE

Mwaridi wa porini asili yake ni nchi za kaskazini mwa dunia. Hata hivyo Afrika haikunyimwa kabisa: huko Ethiopia uko mwaridi wa mwituni wenye maua meupe, ambao huonekana pia ng'ambo ya bahari ya Sham, katika milima ya Yemen.

Koo za zamani zaweza kugawanywa katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la Ulaya na Asia ya Magharibi, nalo lina koo za gallika, damaski, alba na sentifolia. Miwaridi hii imezoea nchi zenye baridi kali. Hulala wakati wa baridi, kisha huchanua kwa wingi mara moja kwa mwaka, ikanyamaza mpaka mwaka mwingine. Katika koo hizo, mmoja tu wa damaski ulijulikana tangu kale kwa kuchanua mara ya pili.

Fungu la pili ni la Uchina. Wachina walikuwa na miwaridi ya bustani kwa karne nyingi, na miwaridi yao ilikuwa na sifa ambayo watu wa Ulaya waliistaajabia: ilichanua mwezi baada ya mwezi, maadamu kuna joto na maji. Kati ya miaka ya 1792 na 1824 minne ya miwaridi hiyo ilifika Uingereza kwa merikebu na ikawa mashuhuri. Mmojawapo ni ule uitwao leo "Old Blush", wenye maua ya rangi ya waridi hafifu, uliojulikana Uingereza mwaka 1793.

Fungu la tatu ni watoto wa mafungu hayo mawili. Mmoja wa watoto hao alizaliwa katika Bahari ya Hindi, si mbali sana na pwani ya Afrika Mashariki. Kisiwa cha Réunion, kilichoko mashariki ya Madagascar, zamani kiliitwa Bourbon. Wakulima wa huko walikuwa na desturi ya kuzungushia mashamba yao wigo wa miwaridi ili kuzuia wanyama. Walipanda miwaridi ya namna mbili, wa Uchina na wa damaski. Katika wigo huo uliota mti ambao haukufanana na wala huu wala ule. Mnamo mwaka 1819 mbegu zake zilipelekwa Ufaransa, na kutokana nazo ukapatikana ukoo mzima uitwao Bourbon, wenye harufu ya damaski na desturi ya Kichina ya kuchanua tena na tena. Wigo wa kuzuia mifugo ndio uliowapa watu ukoo huo.

Watoto wengine wa fungu hilo ni Noisette, ukoo wa miwaridi mirefu ipandayo ukutani, ambao asili yake ni mji wa Charleston huko Marekani, na mawaridi ya chai, ambayo watu husema harufu yake hukumbusha majani mabichi ya chai.

WARIDI NA MARASHI

Kwa watu wa pwani waridi si jambo geni. Neno lenyewe lina asili ya Kiarabu, na mrashi wenye shingo nyembamba umewanyunyizia marashi wageni wa harusi na maulidi kwa vizazi vingi. Marashi hayo hutokana na petali za mwaridi wa damaski.

Huko Oman, katika milima iitwayo Jebel Akhdar, viko vijiji vilivyojengwa mahali pa juu, kiasi cha meta 2,000 kutoka usawa wa bahari, ambavyo watu wake hulima miwaridi hiyo katika vishamba vya ngazi. Maua huchumwa tangu mwisho wa Machi hata katikati ya Mei, na kazi hufanywa alfajiri, kabla jua halijapanda na kuichukua harufu. Petali hutiwa ndani ya chungu kilichowekwa juu ya moto katika tanuri la udongo. Mvuke wa maua hupanda, hukutana na chombo cha maji baridi kilichofunika juu, ukageuka matone, na matone hayo ndiyo marashi. Nchi nyingine zenye kazi hiyo ni Iran, Uturuki, Bulgaria, na mji wa Taif huko Saudia. Kwa kupata kilo moja ya mafuta safi ya waridi zahitajiwa zaidi ya kilo 3,000 za petali, na ndiyo maana mafuta hayo ni ghali mno.

Msomaji aangalie kwamba miwaridi ya marashi ya Oman haikupandwa katika joto la pwani ya Maskati. Imepandwa mlimani, mahali penye baridi ya usiku wakati wa kipupwe. Jambo hili ndilo msingi wa kuchagua mwaridi.

MWARIDI UPI WAFAA?

Watu wengi hukosa hapa. Huona picha ya ua zuri la Ulaya, wakatafuta mti wake kwa gharama, wakaupanda, nao ukaota majani mwaka hata mwaka bila kuchanua vizuri. Kosa si la mkulima wala la udongo. Mti wa gallika, alba au sentifolia hungoja baridi kali ndipo uamke, na baridi hiyo haiji katika nchi iliyo karibu na mstari wa ikweta.

Katika nchi ya joto yafaa kuchagua koo za Uchina, chai, Noisette na Bourbon. Hizi hazihitaji kulala. Yafuatayo ni machache yaliyo mazuri kwa mtu aanzaye:

"Old Blush" ni wa Uchina, mvumilivu, na huchanua karibu bila kusita. Huu ndio mwaridi wa kujifunzia.

"Mutabilis", nao ni wa ukoo wa Uchina, una petali tano tu. Ua hufunguka likiwa na rangi ya manjano, kisha hugeuka la waridi, na mwisho jekundu iliyoiva. Rangi zote tatu huonekana pamoja juu ya mti mmoja, kama vipepeo waliotua.

"Lady Hillingdon" ni wa chai, una ua la manjano, na majani yake machanga yana rangi ya damu ya mzee.

"Madame Alfred Carrière", wa mwaka 1879, ni Noisette wenye maua meupe, nao hupanda ukuta au mti.

"Zéphirine Drouhin", wa mwaka 1868, ni Bourbon usio na miiba, wafaa kando ya njia wapitapo watoto. Lakini huugua majani upesi, na wataka kuangaliwa.

"Souvenir de la Malmaison", wa mwaka 1843, pia ni Bourbon. Ua lake ni pana, la waridi hafifu sana, na petali zimejipanga kama mafungu manne. Matumba yake huoza mvua ikizidi. Kwa hiyo uzuri wake huonekana wakati wa kiangazi.

KUPANDA

Mwaridi hupenda jua. Mahali papatapo jua kwa saa sita au zaidi kila siku pafaa, hasa jua la asubuhi, kwa kuwa hukausha umande upesi. Usipandwe chini ya mti mkubwa, maana mizizi ya mti huo itaunyang'anya maji.

Shimo liwe na upana wa inchi 18 na kina cha inchi 18. Udongo wa juu utengwe upande mmoja, na wa chini upande wa pili. Nusu debe ya samadi iliyooza vizuri ichanganywe na udongo wa juu, kisha irudishwe shimoni. Samadi mbichi isitumiwe, kwa sababu huunguza mizizi. Mahali penye udongo mweusi unaotuamisha maji, yafaa kuinua tuta la futi moja na kupanda juu yake, kwa maana mwaridi hauwezi kusimama na miguu majini.

Nafasi ya mti na mti iwe futi tano au sita. Wengi huona nafasi hiyo ni kubwa mno wapandapo kimche kidogo, lakini mwaridi wa chai uliokaa miaka michache huwa kichaka kirefu kuliko mtu. Wakati mzuri wa kupanda ni mwanzo wa mvua. Baada ya kupanda, udongo ufunikwe kwa majani makavu unene wa inchi tatu ili kuzuia maji yasikauke, lakini majani hayo yasiguse shina.

KUZIDISHA KWA VIJITI

Kazi hii haihitaji fedha. Kwanza, mtu aombe ruhusa kwa mwenye mti. Hata mti ulio makaburini au penye nyumba iliyoachwa una mwenyewe wa kuulizwa.

Pili, lichaguliwe tawi lililokwisha kuchanua karibuni, lenye unene wa kalamu ya risasi. Tawi teketeke huoza, na tawi la zamani mno huchelewa kutoa mizizi. Likatwe vijiti vya inchi sita hata tisa, kila kimoja kiwe na vifundo vinne au vitano. Upande wa chini ukatwe sawasawa, chini kidogo ya kifundo, na upande wa juu ukatwe mshazari. Hivyo mkulima hatakosea akapanda kijiti kichwa chini.

Tatu, majani yote yaondolewe, yaachwe mawili ya juu tu. Kijiti kichomekwe katika mchanganyiko wa mchanga na udongo, nusu kwa nusu, hata vifundo viwili au vitatu viwe chini ya udongo. Udongo ushindiliwe kwa vidole.

Nne, vijiti viwekwe kivulini na kufunikwa kwa chupa ya kioo, au chupa nyeupe ya plastiki iliyokatwa kitako, ili unyevu usitoke. Udongo uwe na unyevu siku zote, lakini usiwe tope. Baada ya majuma sita hata manane, kijiti kivutwe polepole sana. Kikishika, kimetoa mizizi. Kisihamishwe mpaka kimetoa matawi mapya yenye nguvu.

Afadhali kupanda vijiti kumi mtu akihitaji miti mitatu, kwa kuwa si vyote vitakavyoshika. Miwaridi ya Uchina na Noisette kwa kawaida hushika kwa urahisi.

Mti uliooteshwa kwa kijiti una faida kubwa. Miti mingi iuzwayo imebebeshwa, yaani jicho la mwaridi mzuri limepachikwa juu ya shina la mwaridi mwingine wenye mizizi ya nguvu. Pengine mtu husikika akilalamika kwamba waridi lake limegeuka: lilikuwa jekundu, na sasa latoa viua vidogo vyeupe. Halikugeuka. Mwaridi mzuri umekufa, na shina lililoubeba ndilo lililochipuka kutoka chini. Lakini mwaridi uliosimama juu ya mizizi yake wenyewe, hata ukikatwa na panga au ukiungua, utakapochipuka utakuwa ule ule. Ndiyo sababu miti ya namna hiyo imeweza kuishi miaka mingi mahali pasipo mtunzaji.

KUTUNZA

Maji yatiwe shinani asubuhi, wala yasimwagwe juu ya majani jioni. Debe moja kwa kila mti mara moja au mbili kwa juma wakati wa kiangazi lina faida kuliko kikombe kila siku, kwa sababu maji mengi hushuka chini na kuivuta mizizi ikae kina kirefu. Samadi iliyooza iongezwe juu ya udongo mwanzoni mwa kila majira ya mvua.

Katika kupogoa, kosa la kawaida ni kukata mno. Miwaridi ya kisasa huvumilia kukatwa karibu na ardhi; ya chai na ya Uchina haipendi hivyo, kwa kuwa nguvu zake zimo katika matawi yake ya zamani. Yatosha kuondoa matawi yaliyokufa, yaliyougua na yanayosuguana, na kupunguza urefu kidogo kabla ya mvua. Maua yaliyonyauka yakatwe, ili mti utoe mengine.

Adui zake ni wachache. Vidukari, wadudu wadogo wa kijani, hukusanyika juu ya matumba. Wasuguliwe kwa vidole au wanyunyiziwe maji yenye sabuni kidogo. Wale wadudu wa mviringo, wekundu wenye madoa meusi, wasiuawe, maana hao huwala vidukari. Majani yakitokea madoa meusi na kuanguka, huo ni ugonjwa uletwao na ukungu. Majani yote yaliyoanguka yakusanywe yakachomwe moto, na matawi yapunguzwe ili upepo upite.

KULITAZAMA UA

Kama vile mtu ajifunzavyo kujua ng'ombe mwema au kahawa njema, ndivyo awezavyo kujifunza kulijua waridi. Litazamwe asubuhi, kabla ya jua kali. Kwanza liangaliwe umbo lake: je, ni bakuli, ni sahani, au petali zimejipanga kwa mafungu? Kisha rangi, maana waridi la zamani mara chache huwa na rangi moja. Ndani ni nyingine na kingo ni nyingine. Kisha harufu. La damaski lina harufu nzito ya marashi. La chai ni jepesi. Harufu ya Noisette nyingine haingoji pua ikaribie, bali huchukuliwa na upepo. Mwisho mti wenyewe utazamwe: majani, miiba, na namna matawi yanavyoinama.

JINSI MAWARIDI YALIVYOPOTEA NA KUOKOKA

Joséphine, mke wa Napoleon, alinunua jumba la Malmaison karibu na Paris mwaka 1799, akakusanya humo miwaridi mingi sana. Alifariki mwaka 1814, na bustani yake haikuendelea kutunzwa kama zamani. Baadaye watu walipenda mawaridi mapya yenye tumba refu, na wauzaji wakayaondoa ya zamani katika orodha zao. Mengi yalipotea hivyo, bila vita wala njaa, kwa sababu tu hapakuwa na mtu aliyeyauliza.

Yaliyookoka yaliokolewa na watu wa namna mbili. Wa kwanza ni wakusanyaji. Bustani ya Sangerhausen huko Ujerumani, iliyofunguliwa mwaka 1903, imehifadhi maelfu ya aina. Na huko Uingereza Graham Stuart Thomas aliipanga bustani ya Mottisfont katika miaka ya 1970 ili miwaridi ya zamani ipate makao.

Wa pili ni watu wa kawaida, na mfano wao mzuri ni kisiwa cha Bermuda. Kisiwa hicho hakina barafu, na miwaridi ya chai na ya Uchina hustawi sana. Mingine ilikuwa imeota nyuani na makaburini, na majina yake yamesahauliwa. Chama cha Mawaridi cha Bermuda, kilichoanzishwa mwaka 1954, hakikuitupa kwa kuwa haina jina. Mti usiojulikana hupewa jina la mahali ulipoonekana au la mwenye nyumba, ukazidishwa na kugawanywa. Mmoja wao huitwa "Smith's Parish", kwa jina la wilaya yake, nao huweza kutoa maua meupe, mekundu na yenye mistari juu ya mti mmoja.

Jambo hilo laweza kufanywa na mtu yeyote, mjini au mashambani. Panapo mwaridi wa zamani karibu na nyumba inayotaka kubomolewa, vijiti vikatwe kwa ruhusa kabla ya siku ya kazi. Jina likijulikana, liandikwe kwa msumari juu ya kipande cha bati laini na kufungwa kwenye mti, kwa kuwa karatasi huoza na wino hufutika. Lisipojulikana, liandikwe la mahali au la bibi aliyeutunza mti huo. Na katika daftari iandikwe tarehe, na kijiti kimetoka kwa nani.

Kisha, vijiti vikisha kushika, mtu asiweke vyote kwake. Kimoja apande uani, kimoja ampe jirani, na kingine akipeleke kwa ndugu aliye mbali. Kiangazi kikiukausha mti wake, au barabara mpya ikipita uani kwake, atakwenda kwa jirani kuomba kijiti cha ua lake mwenyewe. Akiba haiozi; na kwa mwaridi, akiba iliyo salama kuliko zote ni ile iliyo mikononi mwa mwingine.